Rola ya Nyuma Imepinda Tena

Kwa Jumamosi ya tano mfululizo, mjane wa nyumba ya kona aliisukuma mashine yake ya kukatia nyasi hadi karakana, akajifuta jasho na kusema, "Rola ya nyuma imepinda tena, fundi."

Fundi akaipandisha juu ya kioo kinene alichokilaza mezani. Alichomeka kipande cha karatasi chini ya rola upande wa kushoto, kingine kulia. Cha kushoto kilibanwa. Cha kulia kikachomoka bila ubishi. Imepinda kweli, na ukikata hivyo nyasi zinatoka ngazi ngazi, kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwenye haraka.

Lakini bolti ya kukazia rola haijilegezi yenyewe nusu mzunguko, tena ikabaki na alama mpya za spana. Fundi aliziona alama hizo tangu wiki ya pili. Siku ile nzima alipiga mluzi. Mwanamume aliyekaa mpweke miaka sita hahitaji kutafuniwa kila kitu.

"Unajuaje uanze upande gani?" mjane aliuliza, akisogea hadi fundi akasikia harufu ya sabuni yake.

"Unaanza na uliolegea, bibie. Unakaza robo, unapima. Robo, unapima. Ukiwa na pupa, umeharibu."

"Rudia, fundi. Napenda unavyoeleza."

Akarudia. Angeombwa, angerudia mpaka jua lizame.

"Na ile ya shuleni nayo hupinda hivi?"

"Ya shuleni, ya hoteli, ya uwanja wa mpira, zote! Mji mzima unautegemea mkono huu."

"Mji mzima!" mjane alishangaa kwa sauti tamu.

Jioni ile dada yake fundi, aliyekuwa akiishi naye, alimtolea uvivu. "Kaka, mwanamke anaharibu mashine yake kila wiki ili akuone, wewe unamkazia bolti tu! Utazeeka na spana mkononi. Mimi nataka wifi."

Jumamosi ya sita mjane hakutokea. Wala ya saba. Hata wateja wengine waliadimika, ila fundi hakulijali hilo. Alikuwa amezoea kumwona mjane, na kutomwona kulimuuma kwelikweli. Basi akanyoa ndevu, akavaa shati ambalo dada yake alilipiga pasi mara mbili, akashika njia ya nyumba ya kona huku midomo ikimcheza kwa maneno ya posa.

Alikuta geti wazi. Uani, mashine ya shule, ya hoteli na ya uwanja wa mpira zilikuwa kwenye foleni. Mjane alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya nne, ovaroli imemkaa sawasawa, grisi hadi viwikoni.

"Afadhali umekuja, fundi," alisema bila kuinua kichwa. "Kazi zimenizidi. Nilikuwa natafuta msaidizi."