Mkaguzi wa Erasto

Kila mfungwa anayeshikiliwa na kampuni ya magereza ana mkaguzi wa serikali anayemtazama kwa kamera kutwa, na sheria hairuhusu mkaguzi awe ndugu yake. Wa mwanangu Erasto ni Bi Nuswe. Gari la kampuni lilipomsafirisha bila maji, yeye ndiye aliyelisimamisha. Nikampigia kumshukuru.

"Anaendelea vizuri, Mama Erasto. Ila maharage hapendi."

"Anayapenda tangu mdogo!"

"Alikuwa anakuonea haya tu, dada yangu. Ameniomba akitoka afikie kwangu."

Nikakata simu. Nikaandika wizarani kwamba mkaguzi huyo amezoeana mno na mfungwa, aondolewe.

Jibu lilitoka kwa kampuni, kabla chai yangu haijapoa: "Tunakushukuru sana, mama. Erasto anasafirishwa leo. Mkaguzi mpya atapangwa wiki ijayo."