Lango la Meli Halikosei

Siku hizi abiria wa meli ya starehe hachagui sitaha. Lango humsoma moyo, likampeleka kwa wenzake. Walafi likawapeleka karibu na jiko. Zuhura, aliyeapa hataki tena wanaume, likamtupa kwa wanaosaka wachumba.

"Umeumbuka leo, shoga!" Bi Mwanaheri alimcheka hadi machozi.

Yeye akapewa sitaha ya ngoma na karamu. Akamvuta mumewe, Masoud, wameshikana mikono.

"Masoud," lango likasema, "sitaha ya waliofiwa na wake zao."

Bi Mwanaheri akamtikisa mumewe.

"Liambie niko hai, baba Rukia!"

Masoud hakulibishia lango. Aliuchomoa mkono wake taratibu, akamuuliza baharia, "Mwanangu, lifti iko wapi?"