Wayo wa Mbarouk

Msikiti mzima ulikuwa umesujudu. Soud peke yake alikuwa ukumbini penye viatu, naye kapiga magoti, ila kilichokuwa mbele yake si kibla. Kilikuwa kiatu cha kulia cha Mbarouk, na chini yake ukurasa wa gazeti. Alizungusha penseli haraka, kisigino mpaka ncha, akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti. Ndipo akaingia kuswali, rakaa imeshampita.

Sasa kilichobaki ni theluji tu.

Na theluji yenyewe iko wapi? Mwaka wa tatu huu London inanyesha mvua, mvua ya kijivu isiyo na haya. Dukani kwa Kanti, Kingsbury, palikuwa na genge la watu wanaoipenda theluji kama watoto wanavyoipenda Idi: Kanti mwenyewe, mzaliwa wa Darajani, mkewe Pushpa, na Tarsem, dereva wa basi. Walikuwa na fimbo ya kupimia iliyosimikwa uani. Fimbo hiyo ilikuwa imeota ukungu. Kila jioni walisikiliza utabiri, wakanywa chai, wakatukana mawingu.

"Juzi Tottenham ziliruka chembe," alisema Tarsem.

"Nani mwengine aliziona?" Kanti akamkata. "Hapa ni kama mwezi mwandamo, bwana. Mashahidi wawili. Kwa wako mmoja hatufungi wala hatufungui."

Wakacheka. Soud hakucheka. Kila nusu saa alikwenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Wakubwa wanajua itaanguka lini," alisema. "Hawatuambii tu. Ndio hao hao kaunsili, baraza la mji. Mimi nimelala kitandani na homa ya mapafu, wao kule makaburini wanang'oa bomba zuri la kufungua na kufunga, wanaweka la kubonyeza. Maji yanatoka kama machozi ya mwizi! Walimuuliza nani?"

"Lakini kaka Soud," alisema Pushpa, "tangu lini wewe unaitaka theluji? Marehemu mkeo Mwatima alikuwa akisema ukiiona tu, unajifunika blanketi gubigubi."

"Watu hubadilika, dada."

Hakuwaambia. Angewaambia nini? Kwamba Mwatima alizikwa mwezi wa nne, mvua imegeuza udongo uji? Kwamba kaburi lake lina mawe mawili tu bila ya maandishi, kama ya kwao, na yeye Soud, aliyesoma Kurani chuoni akaishia hapo, hakuwa na haja na vibao vya namba vya Wazungu? Kutoka kwenye bomba, la saba. Ile homa ilimlaza tangu maziko; alipoinuka kitandani akaanza kwenda, kila Ijumaa baada ya swala, akalimwagia maji na kulisomea Yasini.

Na kila Ijumaa alikuta juu yake kitawi kibichi cha mrehani.

Mrehani! Mzungu gani anaweka mrehani kaburini? Mwenye chungu cha mrehani dirishani alimjua mmoja tu, kule Edmonton: Mbarouk, aliyemposa Mwatima kabla ya Mapinduzi akakataliwa. Akakataliwa na baba mtu. Mwatima mwenyewe hakuulizwa. Hilo ndilo lililokuwa likimla Soud. Miaka ishirini na miwili ya ndoa: alikuwa na mke, au alitunza amana ya mtu?

Kuvizia hakuweza. Gereji la mabasi alikokuwa akifagia lilimpa mapumziko Ijumaa tu. Mlinzi wa lango, ukimuuliza, hupandisha mabega. Theluji ndiyo shahidi asiyepandisha mabega.

Ikaanguka Februari. Alfajiri ya Ijumaa simu ililia.

"Inchi nne!" Kanti alipiga kelele. "Na mashahidi watatu!"

Soud alikuwa ameshavaa koti. Mabasi hayakuwapo. Alikwenda kwa miguu, saa nzima na ziada, akianguka na kuinuka, mkono mmoja mfukoni umeishika karatasi.

Langoni palikuwa na nyayo za mtu mmoja, zimeingia, hazijatoka. Akachutama, akakunjua gazeti, akalilaza kando ya wayo wa kulia. Mchoro ulizidi kwa vidole vinne.

Akazifuata. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kaburini. Hapo alikuwapo mwanamke wa makamo, buibui juu ya koti, akifagia theluji kwa kiganja. Kitawi cha mrehani kilikuwa mdomoni mwake. Alipomwona Soud akakitoa.

"Kumbe ndiye wewe!" alisema. "Wewe ndiye unayemmwagia maji mume wangu kila Ijumaa! Mungu akupe umri, kaka'angu. Na mimi najiuliza, nani huyu mwenye imani?"

Soud alilikunja gazeti. Akalirudisha mfukoni.

"Ungewafunza na wenzako," mwanamke aliendelea, akikilaza kitawi. "Kuna mke wa mtu kule. Nilikuwapo siku anazikwa, mwezi wa nne, mvua hiyo, tope hilo! Mumewe nilimwona kwa mbali, analia mpaka watu wamemshika. Nikasema, huyu kapenda. Toka siku ile, mwaka wa tatu, hata jani hajamng'olea. Mimi ndiye humtupia kitawi, nikijaaliwa ziada."

"Kaburi lipi?" aliuliza Soud.

"Lile kule, upande lilipokuwa bomba, kabla hawajalihamisha."

Mbali kidogo, kipande cha bomba lililokatwa kilichomoza kwenye theluji. Huko hakuna aliyekuwa amepita. Kulikuwa kweupe, laini, kama kitanda kilichotandikwa. Soud alinyoosha kidole, akaanza kuhesabu makaburi kutoka kwenye kipande hicho. Alipofika la sita, limebaki moja, mkono ulimshuka.