Kandambili ya Bibi

Bibi alivua kandambili moja, akaiweka sakafuni, hatua chache mbele ya pua ya lile jibwa alilokuwa akililaani kila asubuhi kwa wizi wa viatu.

Tangu lipasuliwe nyonga, jibwa lilikuwa limelala tu kama gunia. Daktari wa mifugo alishaonya: mbwa wa mbegu kubwa hivi akizoea kulala, misuli hunyauka, wala hasimami tena.

"Mama, nyama yenyewe ameikataa," mke wa mwanawe alisema, amekata tamaa. "Kandambili ndiyo itamwinua?"

"Nyama ni ya kupewa," Bibi akajibu. "Hii ni ya kuiba."

Pua ikacheza. Kucha zikakwaruza vigae, zikateleza, zikashika. Paja lililonyolewa likatetemeka, mshono wake bado mwekundu, kisha kile kiuno kizito kikapanda polepole, kikayumba, kikatulia juu.

Jibwa likachechemea hadi kwenye kandambili, likaing'ata, likageuka nayo kuelekea mlangoni.

"Mwizi!" Bibi akapiga kelele, machozi yakimtiririka. "Mwizi huyo! Mwizi!"

Akavua na ile ya pili, akaitupa uani kwa nguvu zake zote.