Tandiko Lisilobana

Tandiko lilimkaa Marnie kama limeshonwa kwa kipimo chake, na hapo ndipo roho ilipomchafuka.

Leland, mumewe, mwenye tandiko, ni pande la mtu. Tandiko hilo ni mikanda mipana ambayo wawindaji wa Wisconsin huivaa nyongani, wakaning'inia mtini na upinde wakimvizia kulungu. Marnie alilivaa kwa mchezo tu, akafunga kamba kwenye nguzo ya gereji, akajiachia. Alidhani litampwaya. Wapi! Halikumbana nyonga wala kumkata mapaja, na magoti yalitua kwenye nguzo kwa raha zake. Mtu alikuwa amelipunguza kwa subira, kifungo baada ya kifungo, limtoshe mtu mdogo. Ndani limeshonewa hata kitambaa laini. Leland hajui kushona kishikizo cha shati.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kimekazwa na vifungo juu.

"Huko mtini huwa unakaa na nani?" alimuuliza mezani.

"Na kindi."

"Kindi huyo anajua sindano?"

Leland akajimwagia kahawa.

"Muache mwenzio, mwanangu," alidakia Verna, mama mkwe, ambaye tangu Pasaka hakuweza kupanda ngazi tatu za baraza peke yake. "Mwanamume akitoka porini hahojiwi. Hebu niinue, nyonga hizi zitaniua."

Marnie akamwinua, kama alivyomwinua, kumwogesha na kumvisha miezi yote hiyo. Akampa fimbo zake mbili, zile alizozizungushia sufu ya rangi ya waridi kwa mikono yake ili zisimchubue viganja.

Kila Jumamosi alfajiri Leland alimpeleka mama yake kwa dada wa Verna, kisha akaenda kuwinda. Ndivyo alivyosema. Jumamosi iliyopita Marnie alipiga simu huko.

"Verna? Amelala," dada alijibu, upesi mno.

"Naomba uniamshie."

Simu ikakatika. Kumbe ukoo mzima unamfichia!

Jumamosi hii Marnie alitia sanduku la nguo garini. Akimkuta mwanamke kwenye mti huo, atapitiliza moja kwa moja hadi kwa kaka yake mjini Duluth, na ndoa ibaki hukohuko porini. Akalisubiri pikapu la Leland karibu na msitu, akalifuata kwa mbali, taa kazima, kisha akaingia msituni kwa miguu.

Leland alisimama chini ya mwaloni, ameshika kamba ya kapi iliyofungwa tawini, shingo juu, akinong'ona kwa sauti ambayo Marnie hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba.

"Shusha mkanda kidogo, ukae chini ya makalio. Kamba ya mbele ifupishe. Hapo. Inabana?"

"Haibani," ikajibu sauti nyembamba kutoka kwenye majani.

"Kaa basi kwa raha, mrembo wangu."

Marnie akachomoka kichakani. "Mwambie huyo mrembo wako ashuke nimwone sura."

Leland akageuka, mweupe kama unga. "Marnie, ngoja—"

"Nimengoja vya kutosha. Shuka, wewe."

Juu majani yakatikisika, yakatulia.

"Nyamazeni, nyote wawili," sauti ikanong'ona. "Kulungu dume anakuja."

Marnie akaurukia mti. Mguu wake ukakwaa vitu vilivyoegemezwa kwenye shina, vikaanguka juu ya majani makavu: fimbo mbili, zimezungushiwa sufu ya rangi ya waridi.