Mkono wa Kushindilia

Tangu amzike mkewe Nambua, risasi za bunduki ambazo Msengi alizijaza baruti mwenyewe hazikuwa na mwendo mmoja tena. Kwenye kiwanja cha kulengea shabaha, kipimo cha mwendo kilionyesha moja imekwenda mbio, nyingine imejikokota, na shabaha ikatobolewa ovyo.

"Baruti imeingia unyevu?" aliuliza rafiki yake Chilewa.

"Baruti ni ile ile, na mizani ni ile ile. Kushindilia kichwa cha risasi kwenye ganda ilikuwa kazi ya Nambua."

"Si ujifunze, ndugu yangu?"

"Najua kushindilia. Nikifika hapo tu, mkono mara unakaza mno, mara unalegea."

Msengi akaweka ganda jingine kwenye mashine yake ndogo ya kushindilia aliyokuja nayo, akamimina baruti, akaweka kichwa cha risasi juu, kisha akabaki ameushika mpini uliolainishwa na kiganja cha mkewe, asiweze kuushusha.