Mjukuu wa Safu Mbili

Bi Sabina alimulika mdomo wa mjukuu wake kwa tochi ya simu, akahesabu, akahesabu tena. Mara zote mbili meno yalizidi. Chini, nyuma ya meno ya utoto ambayo hayajalegea hata kidogo, mengine mawili makubwa yalikuwa yamechomoza, kama wageni walioingia kabla wenyeji hawajahama.

"Tangu lini haya?" alimuuliza Eveline, mkamwana wake.

"Wiki mbili, mama. Yale ya mbele yatang'oka tu."

Yatang'oka tu! Ndivyo wanavyolelewa huko kwao Tukuyu, Bi Sabina aliwaza: jambo likiwa kubwa, unakaa ukingoja liondoke lenyewe. Yeye alikuja Mbeya kutoka Iringa kwa ajili ya sendofu ya kumuaga binti yake Damari kabla ya harusi, na mambo ya kufanya yalikuwa mia. Lakini mtu aliyejaliwa macho atayafumbaje? Kesho yake, Eveline alipokwenda kazini, alimchukua Lea, wakapanda bajaji kutoka Ilomba hadi kwa tabibu wa meno mjini.

Tabibu alitazama, akatabasamu. Akaeleza kwamba watoto wengi huota hivyo, kwamba yale ya utoto yatikiswetikiswe kwa kidole safi, na kama miezi michache ikipita hayajatoka, mtoto arudishwe yang'olewe. Bi Sabina aliyaacha yote hayo yapite. Aliyoyashika ni maneno ya mwisho tu.

"Nikiangalia na magego yake huku nyuma, mama, huyu ana kama miaka saba."

"Ana mitano," alisema Bi Sabina.

"Basi ana haraka sana," alisema tabibu, akaita mgonjwa mwingine.

Shule Bi Sabina hakwenda sana, lakini hesabu ya miezi hakuna mama mkwe asiyeiweza. Mwanawe Vitus alimwoa Eveline miaka sita iliyopita. Ndani ya bajaji alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akaazima vya mkono wa pili, na jibu halikubadilika. Mtoto aliwatangulia wazazi wake kanisani.

Ndipo mengine nayo yakajipanga. Mwaka wa korona watu hawakusafiri, kwa hiyo alimwona mjukuu kwa mara ya kwanza akiambiwa ana mwaka mmoja. Huyo wa mwaka mmoja alimwamkia shikamoo, akaomba uji, akauliza kwa nini hauna sukari. Bi Sabina aliambiwa watoto wa Mbeya wanakua haraka kwa sababu ya ndizi, na yeye, kwa ule wema wake unaojulikana usharika mzima, akaamini.

Angekuwa wa Vitus, umri wake ungefichwa wa nini? Kumbe mwanamke aliingia kwenye ndoa na mzigo wa mwanamume mwingine, na Vitus, baba huruma, akaupokea. Mara ngapi alimwambia atafute mke mwenye tabia za dada yake? Damari na Eveline walisoma uuguzi chuo kimoja, wakalala chumba kimoja, lakini tabia njema haiambukizi. Damari alipenda kitabu kiasi kwamba mwaka wake wa pili hakurudi Iringa hata Krismasi. Eveline, wakati huohuo, sasa ilijulikana alikuwa anapenda nini.

Mwingine angemwita mkamwana chumbani, wakayamaliza wawili. Bi Sabina hakuwa mtu wa vichochoro. Alisubiri Jumamosi, siku ambayo wakwe wapya walikuja kwa kikao cha mwisho kabla ya sendofu. Alisubiri baba wa bwana harusi, Mzee Andendekisye, amalize sala. Alisubiri hata chai inywewe, kwa sababu adabu ni adabu. Kisha akasimama, akaeleza habari za tabibu na za vidole vyake, jino kwa jino.

Vitus aliomba wazungumze baadaye. Mama yake akamwambia akae, na mtu mzima akakaa.

"Kwetu hatumpi jina la ukoo wa Kalinga mtoto tusiyemjua alikotoka," alisema Bi Sabina. "Eveline, mchukue mwanao urudi kwenu. Leo hii."

Mzee Andendekisye alitingisha kichwa taratibu. Akasema ni jambo la kuhuzunisha, lakini ukoo wake umefarijika kuona unaoa kwenye nyumba isiyoficha mambo. Bi Sabina alishukuru kwa unyenyekevu. Siku nzuri kama ile alikuwa hajaipata tangu achaguliwe mwenyekiti wa akina mama.

Wote walimngoja Eveline ajitetee. Alimtazama mumewe, akatazama chini, na machozi yakamtoka bila sauti. Alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote duniani, na hata kipofu angeliona hilo. Akaenda kuchukua sweta, akamvalisha Lea, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Lea akauliza wanakwenda wapi. Kwa bibi mwingine, akaambiwa.

"Afadhali umekubali mwenyewe," alisema Bi Sabina. "Mwenye haya akikosa, huondoka."

Walikuwa wamefika mlangoni wakati Damari, aliyekaa kati ya mashangazi wa mchumba wake bila kuinua uso tangu mama yake aanze kusema, aliposimama. Shangazi mmoja alimvuta kitenge akae. Damari akajinasua, akakatiza sebule nzima, akamshika Lea mkono.

"Inatosha, wifi," alisema. "Umenilelea mwanangu miaka saba."